Mganga Hakutaja Jina

Ukishuka Mbagala Rangi Tatu ukaanza kutembea kuingia ndani, huku kwetu, utakuta nguzo za umeme zimebandikwa karatasi mpaka hazijulikani rangi yake. Mganga kutoka Sumbawanga, mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Pemba, na siku hizi hata kutoka Nigeria. Anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, anavuta wateja dukani, anamaliza kesi. Namba ya simu imeandikwa mara mbili, juu na chini, ili mvua ikichana upande mmoja, mwingine ubaki. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukizisoma karatasi hizo kwa sauti tukitoka misa ya watoto, tunacheka, halafu tunakwenda kununua bagia.

Bibi aliyekuwa akituuzia hizo bagia ndiye ninayetaka kuandika habari zake. Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuandika juu ya uganga na falsafa ya Kiafrika. Niliandika kurasa kumi na mbili safi kabisa, Tempels akiwemo na nguvu zake za uhai, Padre Laurenti Magesa akiwemo, na alama nilipata nzuri. Katika kurasa zote kumi na mbili sikusema popote kwamba kuku wa mganga nilimbeba mimi.

Sisi watu wa Mbagala tunahesabu miaka kwa mabomu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi lililipuka. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakakimbia wasijue wanakoelekea. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Mwaka uliofuata akaanza kuanguka. Mara ya kwanza alianguka mlangoni, kikombe cha uji mkononi, macho yakageuka, povu likamtoka. Majirani walisema ni mshtuko wa mabomu umechelewa kutoka. Mama hakusema kitu. Aliosha kile kikombe, kisha akakiweka peke yake juu ya kabati.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alikitenga. Mama yangu ni Mpogoro wa Mahenge, na Mahenge kifafa kinajulikana kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja wa kike kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya wagonjwa wa kifafa baada ya kukuta watoto na vijana wengi wanaanguka, wengine wana makovu ya moto, wengine wanatikisa kichwa kama wanaosinzia. Tafiti za miaka ya karibuni zimeuhusisha ugonjwa huo na usubi, wale nzi wadogo weusi wa kando ya mito wanaoeneza minyoo. Lakini mama alipokuwa msichana hakuna aliyemwambia habari za nzi. Aliambiwa kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, na kwamba anayemshika akiwa ameanguka ataanguka naye. Kijijini kwao alimwona mtoto wa rika lake akipewa sahani yake, kikombe chake na kona yake ya kulala. Sasa ugonjwa uleule ulikuwa umemfuata mpaka Mbagala, na kwa miaka mitatu sikumsikia hata mara moja akilitamka neno kifafa. Alisema "ile hali".

Mnisamehe nikieleza kwa urefu alikopita kabla ya kufika kwa mganga, maana tunapohubiri juu ya ushirikina huwa tunaanzia mlangoni kwa mganga, kana kwamba watu wameshukia pale kutoka mbinguni.

Alianza zahanati. Akapewa vidonge vya fenobabitoni vya mwezi mmoja. Hakuelezwa kwamba dawa hiyo humezwa kila siku, huenda kwa miaka. Wiki tatu mdogo wangu hakuanguka, vidonge vikaisha, mama akatoa shukrani jumuiyani. Siku ya kumi akaangukia jiko la mkaa. Kovu lile lipo mpaka leo, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Mama akaamua kwamba dawa ya hospitali imeshindwa.

Akaenda ofisi ya parokia kuomba padre amwombee mtoto. Parokia sitaitaja, na aliyekuwa pale mezani huenda siku hiyo alikuwa na mambo yake. Aliulizwa jumuiya, akaulizwa kadi ya zaka, ikaonekana ana deni la miezi minne. Akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi hakurudi. Alivyonisimulia mwenyewe, alikaa pale kama dakika tano hivi na hakuna aliyemuuliza mtoto ana nini.

Huo ulikuwa mwaka 2011, mwaka wa Babu wa Loliondo. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka: Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kijijini Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, na magari yamejipanga kilometa kwa kilometa. Mtaani kwetu walikwenda watu wanne, Wakristo wawili na Waislamu wawili. Wapo nchini walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kikombe kile, na hilo lilikuwa na gharama yake. Ila nasema jambo moja kwa upande wa yule mzee: hakumwambia mtu yeyote nani kamroga. Ulikunywa, ukaenda zako. Mama alitamani sana kwenda, baba akakataa. Baba alikuwa dereva wa malori ya kusini, alijua safari ile inahitaji pesa gani, na pesa haikuwepo.

Ndipo mama mmoja wa jirani akamwambia kuna mtu hapahapa karibu, upande wa Charambe, wala si wa matangazo ya nguzoni, ni mtu mzima anayejiheshimu.

Tulikwenda alasiri, tukitokea njia ya nyuma. Mama alijifunga khanga kichwani na kuvua rozari shingoni. Mimi nilikuwa darasa la tano, nimebeba kuku mweupe kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa ili apumue, na mdogo wangu nimemshika mkono wa pili. Nilitarajia fuvu na giza. Nilikuta kibaraza kilichofagiwa, viatu vimepangwa, benchi la kusubiria, harufu ya ubani. Ndani kulikuwa na tunguri tatu zilizofungwa shanga, kitambaa chekundu, na ubao uliomwagiwa mchanga mweupe. Neno lenyewe ramli limetoka kwenye Kiarabu, na maana yake ni mchanga. Yule mzee alikuwa anachora nukta mchangani kwa kidole huku akiuliza maswali, bila haraka.

Mtoto alianza lini? Asubuhi au jioni? Kabla ya kula au baada ya kula? Siku ya kwanza alikuwa amevaa nguo gani? Akilala anaota nini? Alipozaliwa, nani alikuja kumtazama wa kwanza? Wewe mwenyewe mama yake unalala saa ngapi? Unakula? Kuna mtu hamsemezani naye? Mbali na wewe, nani humpa mtoto chakula?

Mama alijibu, na katikati ya kujibu akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya mtu. Mzee alimsubiri amalize. Tulikaa mle ndani karibu saa mbili nzima. Hakuna daktari wala padre wala ndugu aliyekuwa amempa mama saa mbili, na kila ninapojiandaa kusema neno kali juu ya waganga nalikumbuka lile swali, "Wewe mwenyewe mama yake unalala saa ngapi?"

Kisha akaanza kusema anachokiona. Naona moto, alisema. Naona mafuta. Naona mwanamke mtu mzima, wa kwake hana, ila anapenda watoto wa wenzake. Macho yake hayako sawa.

Mama akataja jina la bibi muuza bagia.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata jibu. Akasema, "Mimi sikulitaja. Umelitaja wewe, mama."

Kwa muda mrefu niliyachukua maneno hayo kuwa ujanja wa kukwepa polisi, na huenda yalikuwa hivyo. Siku hizi naona yalikuwa pia kweli tupu. Alichora mzunguko kwa maneno yetu wenyewe, moto, mafuta, chakula, mtu mzima, kisha akatuachia tuingize mtu. Kila mtaa wa Mbagala una mjane anayepika kitu barabarani na macho yake ni mekundu kwa moshi. Usukumani, vikongwe wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule umetokana na kupikia samadi ya ng'ombe miaka hamsini? Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, na kabla ya hapo, mwaka 2009, leseni za waganga zilikuwa zimefutwa. Sikatai hatua hizo. Lakini polisi angemkamata yule mzee wa Charambe akiwa na mchanga wake tu. Jina lilikuwa limekwishatoka mle ndani, nasi ndio tuliokwenda nalo nyumbani.

Njiani mama aliniambia mambo mawili: usinunue tena bagia kwa yule, na usimwambie mtu. La kwanza nilitii.

Jumamosi tulikuwa na mazoezi ya nyimbo, watoto wa Utoto Mtakatifu. Niliwaambia wawili tu. Niliwaambia kwa fahari, nikiwa mtu mwenye siri kubwa, na nikaongeza la kwangu, kwamba ukila bagia zake usiku utasikia tumbo linaita jina lako. Hilo mganga hakulisema, wala mama. Nililitunga mimi, mbele ya picha ya Mtoto Yesu wa Praha. Jumapili baada ya misa bibi alikaa pale pale pa siku zote, nje ya geti, yeye Mwislamu wa Rufiji aliyejua ratiba ya misa zetu kuliko baadhi ya wanakwaya. Watoto walipita upande wa pili wa barabara. Beseni lilirudi limejaa.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu hayapendezi. Watu walirusha mawe juu ya bati lake usiku. Mwenye nyumba akamwambia kodi imepanda. Mjomba wangu alikuja kutoka Ulanga na shauri ambalo wakati ule nililiona la ajabu, lakini leo ninaliheshimu kidogo: twende wote kule kwetu tukanyolewe. Ulanga kulikuwa na desturi hiyo, na mwanamke aliyejulikana sana kwayo, Bibi Kalembwana wa Ihowanja. Anayeshtaki na anayeshtakiwa wote wananyolewa, wote wanakunywa dawa, kisha wanarudi nyumbani na maneno yameisha. Mtafiti Maia Green ameandika kitabu juu ya Wakatoliki wa kwetu Ulanga, mapadre wao na uchawi wao, kilichotoka mwaka 2003, na desturi hiyo imo ndani. Kanisa haliwezi kuibariki, hilo najua. Ila angalau pale mshtaki naye anainamisha kichwa chini ya wembe. Bibi alijibu kwamba yeye hana alichofanya na nywele zake hazina kosa. Kabla ya Krismasi alihama.

Mwaka 2013 sista mmoja muuguzi alikuja jumuiyani kwetu kuzungumzia kisukari, na baada ya sala akamwona mdogo wangu na lile kovu. Akauliza swali moja, kisha akalitamka neno kifafa mbele ya watu wote kama mtu anavyosema mafua. Akamshika mikono. Akaeleza kwamba povu haliambukizi, kwamba vidonge ni vya kila siku, kwamba vikiisha vinaongezwa, na kwamba mtoto akianguka analazwa ubavu bila kutiwa kijiko mdomoni. Mama akaanza kumpeleka kliniki. Haikuwa rahisi, kuna miezi dawa zilikosekana, lakini tangu mwaka 2016 mdogo wangu hajaanguka. Ana miaka ishirini, ni fundi cherehani, na ana maringo ya mafundi wote.

Tulimshukuru Mungu. Tulitoa misa ya shukrani. Hakuna aliyekwenda kufuta lile jina.

Seminarini nilikutana na kitabu cha Evans-Pritchard cha mwaka 1937 juu ya Waazande wa Sudan, Mwingereza ambaye baadaye, mwaka 1944, alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Anaeleza juu ya ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini. Waazande si wajinga; wanajua mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liwaangukie hawa, saa hii. Nilimsoma pia Jean Buxton juu ya Wamandari, majirani wa upande huohuo wa Sudan Kusini ya leo, na kitabu chake cha mwaka 1973 kinaeleza jinsi wanavyoutafuta mzizi wa ugonjwa nyuma ya ugonjwa. Nilisoma nikimwona mama. Hata angeelezwa habari za usubi na minyoo, bado angebaki na swali lake, kwa nini mwanangu. Nadhani swali hilo ni la haki, Ayubu aliliuliza. Hatari inaanza pale swali la "kwa nini" linapogeuka kuwa "ni nani". Hata mitume, katika sura ya tisa ya Yohane, mbele ya yule aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani aliyetenda dhambi. Bwana hakuwapa jina la mtu.

Katekisimu katika namba 2116 na 2117 inakataza ramli na uchawi, nasi mafrateri tunazijua namba hizo kwa moyo. Mwishoni mwa 2117 kuna jambo tunalolipita haraka: hata tiba ya jadi haihalalishi kutumia wepesi wa mwingine wa kuamini. Sina ugomvi na miti. Muhimbili wamekuwa wakitafiti dawa za asili tangu mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wanaosajiliwa. Darasani tunatenganisha vizuri mganga wa miti na mpiga ramli. Mbagala mara nyingi ni mtu yuleyule, benchi lilelile, na mgonjwa hajui ni wapi moja limeishia na lingine limeanza.

Nililipeleka jambo hili kwenye kitubio mwaka jana, wakati wa Kwaresima. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, jinsi tulivyofundishwa. Padre alinisikiliza, kisha akauliza, "Huyo bibi yuko hai?" Nikasema sijui. Akanyamaza kwa muda kiasi cha kunifanya nitamani aniongezee rozari kumi.

Kumpata haikuwa vigumu, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Mwuza nazi wa Kongowe alimfahamu. Likizo iliyopita nilipanda daladala pale Rangi Tatu, tukaipita Kongowe, nikashuka Vikindu, nikatembea kama dakika ishirini. Nilimkuta kwenye mkeka, amenyoosha miguu, anaishi na mtoto wa dada yake. Macho yamefanya utando. Bagia ameacha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani?"

Nilijitaja, nikamtaja mama, nikataja mtaa. Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Yule mdogo wako?" Nikamwambia hajaanguka miaka mingi, anameza dawa, anashona. Akasema, "Alhamdulillahi. Alikuwa anapenda zile zilizoungua kidogo."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Niliyatoa yote vibaya, ya katikati yakatangulia. Nilimwambia habari ya Charambe, ya kuku, ya wale watoto wawili wa Utoto Mtakatifu, na ile ya tumbo kuita jina, kwamba niliitunga mimi.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Watoto waliniambia siku ileile. Watoto hawafichi kitu."

Miaka yote hiyo alijua. Nilimwomba msamaha. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliita, akaletewa muhogo wa kuchemsha kwenye sahani moja, akaisukuma katikati yetu, na tukala wote humo. Baadaye akatoa kwenye pindo la khanga karatasi ya kliniki ya macho, akaniomba nimsomee tarehe. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, ili aishike. Nikimwaga alisema, "Mama yako mwambie mimi sijahama tena."

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza yote, na nikamwambia kwamba nitayaandika, akasema andika. Hakuinua uso. Mkono wake uliendelea kutafuta chuya, ukaipata moja, ukaitupa, ukatafuta nyingine. Mwishowe akauliza nauli ya kwenda Vikindu siku hizi ni shilingi ngapi.